Saa Nane ya Kungoja

Shaibu mwanangu,

Neno hilo la pili nimeliandika, halafu nikageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yangu. Hakuna. Bibi yako yuko uani anafunga mizigo. Wewe umekaa mlangoni na viatu vyako vipya, unavivua, unavivaa tena, cha kushoto mguu wa kulia. Hujui kusoma. Ndiyo maana naweza kuandika.

Kesho asubuhi wewe na Bibi mnakwenda Mahurunga, kwenye bonde la mpunga, mpaka mavuno. Kesho kutwa mimi naingia hosteli mjini Mtwara, kuanza tena kidato cha pili nilichokiacha kwa ajili yako. Hapana, nafuta hayo maneno matatu ya mwisho. Nilichokiacha. Hukuniomba uzaliwe.

Ya kila siku sitayaandika humu. Uji wako uwe mzito kiasi gani, shuka lipi hulali bila kulishika, hayo Bibi anayajua kunishinda, na yeye ndiye aliyenilea mimi. Hii ni barua ya siku utakapokuwa mkubwa, ukaona kovu dogo kwenye mdomo wako wa chini ukataka kujua limetoka wapi. Au ukamsikia mtu hapa kijijini kwetu Ziwani anasimulia habari zangu na wewe. Nataka uwe umezisikia kwangu kwanza. Kwa mdomo sitaweza, unanijua. Mimi hata nikitumwa dukani huzunguka mara mbili nikingoja watu waishe.

Unaniita Dada. Hakuna aliyekufundisha. Watoto wote wa jirani wananiita Dada Somoe, na mimi bibi yako namwita Mama, ukayaokota yote mawili kama ulivyoyakuta: yeye Mama, mimi Dada. Watu walicheka, wakasema ataacha mwenyewe akikua. Sasa una karibu miaka mitatu, hujaacha, na mimi sijakusahihisha hata siku moja. Nilikuwa najiambia mtoto mdogo haelewi. Ukweli ni kwamba lilinifaa. Nikikubeba mgongoni barabarani, ukaita "Dada!" kwa sauti, watu wasionijua walikuwa wananitazama kwa jicho jema. Dada anamsaidia mama yake. Msichana mzuri.

Wanaonijua walikuwa na lao. Siku moja pale dukani ulitaka biskuti, nikakunyima kwa sababu hela ilikuwa ya chumvi. Ukajibwaga chini. Ulikuwa na mwaka na nusu lakini ulilia kama unaibiwa, unapiga visigino, vumbi linaingia mdomoni. Nami machozi yakanitoka palepale, kwa aibu tu. Bi Hadija, jirani yetu, alikuwa kwenye benchi anachambua mchele. Akasema, "Mtoto kazaa mtoto. Tutambembeleza yupi kwanza?"

Benchi zima likacheka. Nilikuacha pale chini nikaondoka, nikaenda kujificha nyuma ya ukuta wa duka, nikisema moyoni, akiona sipo atanyamaza. Ulinyamaza kweli. Nilichungulia nikakuona umekaa wima, mikono umeiweka mapajani, unatazama kila upande bila kulia. Sijawahi kukuona umetulia namna ile. Nilidhani nimekushinda. Kisha wiki nzima hukuniacha hata niende chooni. Nikifunga mlango unalala nje umeingiza vidole chini ya mlango.

Nilichojifunza pale si kitu kikubwa. Ni kwamba kulia kwako hakukuwa mashtaka dhidi yangu. Mimi ndiye niliyekusikia kama unanishtaki mbele ya watu. Siku hizi ukijibwaga, nakaa chini karibu yako, hapohapo kwenye vumbi, bila kusema kitu. Aibu bado naiona. Lakini inapita upesi zaidi ukiwa umekaa chini kuliko ukiwa umesimama.

Kung'ata ndiko kulikonishinda zaidi. Meno yalipokamilika ulimng'ata kila mtu, ukafika kwa mjukuu wa Bi Hadija. Bi Hadija akaja na mkono wa mtoto kama anapeleka ushahidi polisi. "Dawa yake ni moja," akaniambia. "Mng'ate na wewe. Aone utamu wake."

Nikakung'ata, Shaibu. Mkononi, si kwa nguvu, ila alama ilibaki mpaka jioni. Ulinitazama tu, mdomo wazi. Kesho yake ukaenda kumng'ata yule mtoto tena, safari hii palepale mkononi nilipokung'ata mimi, halafu ukanigeukia ukitabasamu, unangoja nikusifu. Ulikuwa umeelewa kwamba ndivyo tunavyofanya. Bibi yako aliposikia alicheka mpaka kanga ikamvuka. "Ntoto kapata nwalimu," akasema. Ndivyo anavyosema, ntoto, nwalimu, nkono. Kimakonde hakijamtoka kwenye ulimi na yeye hataki kitoke. Kisha akaacha kucheka, akaniambia, "Anang'ata akiwa na usingizi. Hujaona?" Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimeona meno tu.

Na lile kovu ni korosho mbichi. Msimu wa mabibo, nilikuwa nasoma simu kivulini, wewe unachezea rundo la korosho zilizovunwa. Ukatafuna moja na ganda lake. Yale mafuta ya ganda yakakuunguza mdomo. Mtoto gani wa Mtwara anaachwa na korosho mbichi? Wangu. Nilikusafisha kwa maji mengi, ulipona, lakini watu waliona lengelenge wakasema nimekuchoma kwa kijiko cha moto, nami nikaacha waseme. Kunyamaza kwangu ni ugonjwa wa zamani. Shuleni nilikuwa najua jibu na sinyooshi mkono.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliogopa. Nimezunguka duka mara mbili.

Ilikuwa masika iliyopita, siku ambayo Bibi alikwenda kupalilia mihogo alfajiri. Uliamka mwili wa moto, hutaki uji, macho mazito. Nilikuvua nguo za ziada, nikakufuta kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, joto halikushuka. Bibi amenitia hofu ya degedege tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo sikungoja arudi. Hilo nilifanya vizuri, niliandike pia. Nilikubeba mpaka zahanati, ukatobolewa kidole, ikaonekana malaria.

Nesi alikuwa mama wa makamo, mwenye haraka, foleni imefika mlangoni. Alinitazama kuanzia ndala mpaka ushungi.

"We mtoto, mama wa huyu yuko wapi?"

"Yupo shamba."

"Na wewe nani yake?"

Ulikuwa umelaza kichwa begani kwangu. Jibu lilikuwa limekaa pale begani. Nikasema, "Dada yake."

Na wewe, homa yote ile, ukalisikia jina lako la kuniitia ukanong'ona, "Dada." Ukanitilia saini.

Kadi yako ya kliniki nilikuwa nimeikunja ule mstari wa jina la mama usionekane. Nesi hakuikunjua, aliandika upande wa juu tu. Akayeyusha kidonge cha kwanza kwenye maji ya kijiko ukameza mbele yake. Ilikuwa inakaribia saa tano asubuhi. Akanipa pakiti.

"Haya, dada mtu, sikiliza. Cha pili umpe baada ya saa nane. Vingine asubuhi na jioni mpaka viishe, na awe amekula. Mama yako akirudi mwambie aje anione nimweleze vizuri. Umeelewa?"

"Ndiyo."

Nilielewa baada ya saa nane. Saa nane mchana ikishapita, nimpe.

Njiani kitu kidogo kilinisumbua. Saa tano mpaka saa nane ni karibu sana. Ningeweza kugeuka. Hatua hazikuwa nyingi, foleni ilikuwa ileile, ningesema tu, samahani nesi. Nikafikiria vile vichwa vyote vikigeuka. Nikaendelea kutembea.

Saa nane na dakika mbili nikakupa cha pili. Nilijisifu kwa zile dakika mbili, maana alisema baada. Haikupita muda ukatapika, kisha ukalegea, ukalala usingizi ambao sikuupenda. Nilikuita, ukafungua macho ukafumba.

Bibi akarudi na jembe begani. Nikamweleza. Aliweka jembe chini polepole.

"Cha kwanza kameza saa ngapi?"

"Saa tano kasoro."

"Na cha pili ukampa saa nane? Nesi alisema saa nane au masaa nane?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ngoja nikueleze, kwa sababu ni kichekesho ambacho sijawahi kukicheka. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, na mwalimu wetu alitukataza kabisa kusema masaa. Saa ni saa, moja au mia. Aliyesema masaa alisimama mpaka kipindi kiishe. Sekondari tukahamia Kiingereza, na huko saa ya ukutani ina neno lake na saa ya kungoja ina neno lake, mtu hawezi kuzichanganya. Nilikuwa na lugha mbili kichwani. Nesi naye alisema Kiswahili sanifu kama mwalimu wangu. Na kwenye pakiti mlikuwa na karatasi ya Kiingereza, imeandikwa wazi, ningeisoma bila kukwama. Sikuwa nimeikunjua. Aliyejua tofauti ni bibi yako, ambaye msahafu anausoma vizuri lakini herufi za shule zinamponyoka.

"Sie tusiosoma tunasema masaa," akaniambia, wala hakunipigia kelele. "Hata nisingeambiwa, dawa haifukuzani hivyo. Nchukue ntoto, twende."

Tulipanda bodaboda moja, wewe katikati yetu. Nilihesabu pumzi zako mgongoni mwangu njia nzima. Bibi alikuwa anasoma dua kwa sauti ndogo na mimi sikuwa na la kumwomba Mungu, nilimwonea haya hata Yeye.

Foleni ilikuwa imekwisha. Nesi alikupima, akakufunua macho, akauliza maswali yake, kisha akasema tukae na wewe hapohapo akuangalie. Akamgeukia Bibi. "Mama, wewe ndiye uliyenikosa asubuhi."

Bibi akasema, "Mie bibi yake. Mama yake ndiye huyo anayetazama miguu yake."

Nilikuwa naitazama kweli. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na tope.

Nesi alichukua kadi, akaikunjua pale nilipoikunja, akasoma jina langu polepole. Nilingoja matusi. Nilishayajua, nilikuwa nimeyapanga kichwani kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Akavuta kiti akakaa.

"Dada namwambia mara moja," alisema, "kwa sababu najua nyumbani kuna mama, atakuja nimweleze. Mama mwenyewe simwachi atoke humu mpaka anirudishie maneno yangu yote. Leo asubuhi ningekuuliza, saa nane ipi? Ungeniambia ya mchana, ningekusahihisha, tungecheka. Zamu yako ulimpa mtu ambaye hayupo."

Nikakupangusa jasho shingoni kwa ncha ya ushungi.

Tulikaa kwenye benchi la zahanati muda mrefu. Kulikuwa na chati ya chanjo ukutani, niliisoma mpaka nikaijua. Jua lilipoanza kuingia mlangoni ulijinyoosha, ukaketi, ukamtazama nesi, ukasema, "Andazi." Bibi akasema alhamdulillahi, na nesi akasema andazi hana lakini chai ipo. Akanichorea saa ya mviringo juu ya pakiti, akaweka mishale, akanifanya nirudie. Nikarudia. Akanifanya nirudie tena. Ulipona, na kitu kingine hakikutokea. Ningependa kukuambia kulikuwa na sababu. Tulibahatika tu.

Safari iliyofuata ya kliniki ulikuwa na kikohozi, ukapewa dawa ya maji. Nesi mwingine, kijana, akasema kila baada ya saa sita. Foleni ilikuwa ndefu. Nikasimama mlangoni, sauti ikitetemeka kama ya mbuzi, nikasema, "Samahani. Saa sita hizo ni za ukutani au za kungoja?"

Wakacheka, Shaibu. Wote. Kijana mwenyewe akacheka. Halafu mama mmoja mwenye mapacha, kutoka nyuma, akasema, "Mjibuni, maana na mie ntauliza hilohilo." Kicheko kikaisha. Kijana akajibu, masaa ya kungoja, akatuandikia mimi na yule mama. Niliporudi nje nilikuwa na jasho, lakini nilikuwa hai.

Lakini kuna kitu sikukifanya, na ndicho kilichonikalisha hapa leo. Sikubadilisha jina. Nesi alijua, Bibi alijua, kijiji kizima kilijua. Wewe peke yako niliendelea kukuachia "Dada". Nilisema nitakuambia ukifika miaka miwili. Kisha nikasema baada ya Ramadhani. Kisha barua ya shule ikaja kwamba naweza kurudi, na sasa zimebaki saa chache, za aina zote mbili. Kinachonitisha si mto wala viboko wa Mahurunga, Bibi ana akili zake. Natishika kwamba utakwenda kule ukiamini uliyemwacha nyumbani ni dada tu, na dada mtu humsahau. Baba yako simwandiki humu, nitamwachia mwenyewe aje ajieleze akitaka.

Leo baada ya alasiri nilikuwa namfanyisha Bibi mazoezi. Nilimwandikia kwenye daftari, akalisukuma. "Niambie. Mie nashika kwa sikio." Basi nikasema, yeye akarudia. Homa ikija asingoje mtu. Wewe ukiharisha, ile pakiti ya chumvi na sukari kwenye lita ya maji safi, kidogokidogo, na zahanati. Akipewa dawa aulize. Aulize vipi?

"Ya ukutani," Bibi akasema akikunja kanga, "au ya kungoja?"

Wewe ulikuwa unamsikiliza. Ukaanza kuzunguka ua, unapiga sufuria kwa kijiko, "Ya kungoja! Ya kungoja!" mpaka kuku wakakimbilia kwa Bi Hadija. Naye akapiga kelele kutoka kwake, "Somoe, mwanao amekuwa mwadhini?"

Mwanao. Kwa mara ya kwanza sikuinamisha kichwa. Nikaita, "Ndiyo, mwanangu huyo!" Kwa sauti. Mbwa alibweka.

Nikaona nimalizie hapohapo kabla ujasiri haujapoa. Nilikukalisha mapajani, nikakunjua kadi yako yote, nikaipiga pasi kwa kiganja. Nikakuwekea kidole kwenye mstari wa pili. "Hapa pameandikwa jina la mama yako. Somoe. Mama ni mimi."

Ulinitazama. Ukamtazama Bibi, ambaye kwako ndiye Mama, akiwa ameshika kamba ya mzigo hasogei. Ukacheka, ukaniwekea kiganja mdomoni. "We Dada."

"Mwache," Bibi akasema. "Umentia neno. Litakaa huko, siku yake litatoka."

Sikulia mbele yako. Nimelia hapo nilipoandika "mwanangu" juu kabisa, ndiyo maana wino umetapakaa.

Barua hii naifunga ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi, kadi ikiwa imenyooka. Usiniwekee deni la jina. Ukija kuniita Dada mpaka una ndevu, nitaitika. Ila ukiugua, au ukipotea, au ukiulizwa na mtu mwenye haraka una nani, usifanye nilivyofanya. Hata ukiona haya. Kwenu ni watu wa kuona haya, umerithi, nakuona unavyojificha kwenye kanga yangu wageni wakija.

Sasa hivi umekuja umesimama hapa, viatu umevipatia, kulia kulia na kushoto kushoto. Unauliza ninaandika nini. Nimekwambia ninaandika kwamba nitakuja Mahurunga shule ikifungwa. Umefikiri. Umeniuliza lini, nikasema bado, si kesho, si kesho kutwa.

"Ya kungoja?" umesema.

Ndiyo, baba. Ya kungoja.

Mimi, ambaye jina langu liko mstari wa pili wa kadi yako,
Somoe